Gari Limegoma Kuwaka: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Maelezo haya yanahusu hasa magari madogo ya petroli yanayoletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, ya aina ya Toyota IST, Vitz, Passo na Corolla, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa katika barabara zetu na ndiyo yanayopita mikononi mwa mafundi wengi zaidi. Mwenye gari la kampuni nyingine atafaidika vilevile, maana kanuni za kuwaka kwa injini hazibadiliki sana. Magari ya dizeli yana mambo yao machache, nayo yametengewa sehemu yake karibu na mwisho.

Gari linapogoma asubuhi, wengi hufanya mambo mawili. Kwanza hupiga stata (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) mfululizo mpaka betri iliyokuwa nzima inaisha, kisha hununua betri mpya, hata pale ambapo betri haikuwa na kosa lolote. Kabla ya hayo yote lipo swali moja ambalo likijibiwa vizuri hupunguza kazi kwa nusu: unapogeuza ufunguo hadi mwisho, je, injini inazunguka au haizunguki? Injini isiyozunguka ina tatizo la umeme wa kuwashia, yaani betri, nyaya zake, stata au swichi zinazoiruhusu stata ifanye kazi. Injini inayozunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki imekosa mafuta, moto wa plagi, hewa au mgandamizo. Fundi anayekuambia ubadilishe pampu ya mafuta ilhali injini haizunguki kabisa hajakusikiliza, na anayekuuzia betri ilhali stata inazungusha injini kwa nguvu zote anakuuzia usichokihitaji.

Ukigeuza ufunguo na pakawa kimya kabisa

Tazama kwanza taa za dashibodi. Zisipowaka hata moja, umeme haufiki ndani ya gari: ama betri imekufa kabisa, ama terminali (kibano kinachoshika waya kwenye nguzo ya betri) imeachia, ama fyuzi kuu iliyo karibu na betri imeungua. Fyuzi kuu huungua zaidi pale mtu alipobusti gari, yaani kuliwasha kwa umeme wa betri ya gari jingine, akachanganya waya wa chanya na wa hasi, kwa hiyo uliza kama gari lilibustiwa siku za karibuni na lilibustiwa na nani.

Taa zikiwaka vizuri lakini stata isitoe sauti yoyote, usikimbilie kulaumu stata. Gari la gia za otomatiki haliruhusu stata kufanya kazi mpaka kompyuta au swichi ya gia ithibitishe kwamba gia iko kwenye P (ya kuegesha) au N (huru). Swichi hiyo huchakaa, na ikichakaa gari hugoma kwenye P lakini hukubali kwenye N. Kanyaga breki, peleka gia kwenye N, jaribu tena. Likiwaka, umeshapata jibu bila kutoa hata senti. Baadhi ya magari yenye klachi nayo yana swichi chini ya kanyagio, hivyo klachi isipokanyagwa hadi mwisho stata haitikisiki.

Magari ya kuwasha kwa kitufe huongeza sharti jingine, kwamba lazima breki ikanyagwe na gari lijue kuwa imekanyagwa. Taarifa hiyo hutoka kwenye swichi ileile inayowasha taa nyekundu za nyuma. Mwombe mtu asimame nyuma ya gari wakati unakanyaga breki. Taa zisipowaka, chunguza fyuzi ya taa za breki na swichi iliyo juu ya kanyagio kabla ya kugusa kitu kingine. Endapo dashibodi inasema ufunguo hauonekani, betri ndogo iliyo ndani ya ufunguo huenda imechoka. Katika magari mengi ya Toyota ya aina hii, ukikanyaga breki na kugusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, gari huutambua hata kama betri hiyo imekwisha, kisha unabonyeza kitufe kama kawaida.

Ufunguo unaokataa hata kugeuka ni jambo dogo. Usukani umejifunga. Uvute kushoto na kulia huku ukigeuza ufunguo taratibu, nao utaachia.

Kuna kisa kingine kinachozidi kuonekana mjini. Magari ya mkopo na ya biashara hufungwa vifaa vya kufuatilia mwendo ambavyo vinaweza kukata umeme wa stata au wa pampu ya mafuta kwa amri ya simu. Kifaa kilichofungwa vibaya, au king'ora cha zamani kilichounganishwa kwa waya zilizosokotwa na kufunikwa kwa gundi ya karatasi, huweza kukata umeme bila amri ya mtu yeyote. Ikiwa gari lako lina kitu cha namna hiyo chini ya dashibodi, kiweke katika orodha ya watuhumiwa wa mwanzo.

Ta-ta-ta-ta, au stata inayozungusha kwa uvivu

Sauti ya kugongagonga kwa haraka bila injini kuzunguka maana yake ni kwamba umeme upo, ila hautoshi. Solenoidi ya stata, yaani swichi yake ya sumaku ya umeme, inavuta, mzigo wa stata unashusha volti, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Stata ya gari dogo huhitaji ampea mia moja na zaidi kwa wakati mmoja, wakati taa za dashibodi na redio huridhika na ampea chache tu, na ndiyo sababu redio kuimba si ushahidi kwamba betri ni nzima.

Multimita (kipimo cha umeme) ya bei ndogo inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme itakuokolea fedha nyingi. Ipeleke kwenye volti za DC, upande wa 20, kisha pima betri ya gari lililolala usiku mzima bila kuwashwa. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.4 imepungua kidogo, 12.2 iko karibu na nusu, na ikishuka chini ya 12.0 haina nguvu ya kutegemewa. Usipime mara tu baada ya kuzima injini, kwa maana chaji ya juujuu itakudanganya. Baada ya hapo acha multimita ikiwa imeunganishwa na mtu apige stata: volti zitashuka, hilo ni la kawaida, lakini zisishuke chini ya takriban 9.6. Betri inayosoma 12.5 ikiwa imetulia kisha ikaporomoka hadi 7 au 6 stata inapopigwa imekufa ndani, na kuichaji tena ni kuahirisha tatizo hadi kesho.

Sasa, kabla ya kuihukumu betri, zitazame terminali kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi yanapojificha. Shika kibano cha kila upande kwa mkono ujaribu kukizungusha. Kikizunguka, hata kidogo, hakijakaza. Baadhi ya betri ndogo za Kijapani zina nguzo nyembamba kuliko betri zinazouzwa madukani kwetu, na gari linapobadilishiwa betri mara kadhaa hufika mahali kibano kikawa kikubwa kuliko nguzo. Mtu wa haraka hupigilia msumari au kipande cha bati katikati ili kishike. Kinashika siku hiyo. Baada ya wiki chache za mitikisiko kinaanza kuachia, gari linawaka leo na kukataa kesho, na mwenye gari ananunua betri ya pili wakati alichohitaji ni kibano cha saizi sahihi.

Unga mweupe au wa rangi ya kijani na buluu unaoota juu ya terminali nao huzuia umeme. Fungua kwa spana namba 10, ukianza na upande wa hasi na kumalizia na wa chanya, na wakati wa kurudisha uanze na chanya. Utaratibu huo una sababu: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, hasi ikiwa bado imeunganishwa, utapata cheche kubwa na pengine spana itaganda pale pale. Mwagia maji ya moto yaliyochanganywa na magadi ya kuokea, suuza, kausha, kisha sugua nguzo na sehemu ya ndani ya kibano kwa msasa mpaka ing'ae. Grisi hupakwa juu, baada ya kukaza, wala si katikati ya nguzo na kibano.

Kuna kipimo kimoja ambacho mafundi wengi wa mtaani hawakitumii, nacho ni chepesi. Weka ncha moja ya multimita juu ya nguzo ya risasi ya betri yenyewe na ncha ya pili kwenye kibano kilichoifunga nguzo hiyohiyo, kisha mtu apige stata. Usomaji unapaswa kuwa karibu na sifuri. Ukiona nusu volti au zaidi, umeme unapotea mahali hapo, kati ya vyuma viwili vinavyoonekana kwa macho kuwa vimegusana. Fanya vivyo hivyo kwa waya wa athi, kutoka nguzo ya hasi hadi kwenye chuma cha injini. Waya wa athi uliooza kwa ndani huku ganda lake likiwa zima huwatesa watu miezi mizima, hasa katika miji ya pwani ambako hewa ya chumvi hula shaba na chuma kwa pamoja.

Betri ikithibitika kuwa mbovu, nunua saizi inayolingana na kitako cha gari lako. Madukani utasikia NS40, NS60 na N70. Ya kwanza ni ya magari madogo, ya pili ni ya kati, ya tatu ni kubwa na haiingii kila mahali. Betri ya maji inapopungua iongezwe maji yaliyotoneshwa, yaani maji ya betri yasiyo na chumvi, hadi yafunike sahani. Isiongezwe tindikali wala maji ya kisima.

Kubusti kuna adabu yake. Gari la msaada likiwa limezimwa, waya mwekundu unafungwa kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi unafungwa kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho inafungwa kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Ncha hiyo ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Washa gari la msaada, subiri dakika tano hivi, ndipo upige stata. Kusukuma kunafaa tu kwa gari lenye klachi, tena likiwa na umeme kidogo wa kuendesha kompyuta na pampu. Gari la otomatiki hata mtaa mzima ulisukume halitawaka.

Baada ya gari kuwaka, usiondoke kabla ya kupima tena kwenye betri injini ikiwa inanguruma. Altaneta nzima, yaani mashine inayochaji betri injini ikizunguka, hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5 katika magari mengi ya aina hii. Ukisoma 12 na inazidi kushuka, betri haichajiwi, na utakwama tena mbele. Hapa lazima niseme wazi kuhusu desturi mbaya iliyoenea: kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama altaneta inafanya kazi. Kwa magari ya kabureta ya zamani jambo hilo lilipita bila madhara makubwa, lakini kwa gari lenye kompyuta mruko wa volti unaotokea wakati huo unaweza kuunguza kompyuta au daiodi za altaneta, na bei ya kompyuta haina uhusiano wowote na bei ya kipimo kilichotafutwa.

Na kama betri ni nzima, altaneta inachaji, lakini gari likilala siku mbili linakufa, kuna kitu kinachonyonya umeme. Taa ya buti isiyozima na redio iliyofungwa kinyume cha nyaya zake ndiyo mifano ya kila siku. Ondoa waya wa hasi, peleka multimita kwenye ampea na uiweke kati ya nguzo na waya, funga milango, subiri nusu saa gari litulie. Usomaji ukizidi takriban miliampea 50, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Ile inayoshusha usomaji ndiyo inayokuonyesha njia. Wakati wote huo usipige stata wala kuwasha taa kubwa, maana utaunguza fyuzi ya multimita.

Sauti moja, tak, kisha kimya

Betri ina nguvu, taa hazififii, na kila unapogeuza ufunguo unasikia mlio mmoja mzito kutoka chini ya injini. Hapo stata ndiyo mtuhumiwa mkuu. Stata za Denso zilizofungwa katika magari mengi ya Toyota zina vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, na kila unapowasha gari kisahani cha shaba huvigonga na kupitisha ampea zote. Vipande hivyo huliwa taratibu, upande mmoja zaidi ya mwingine, mpaka siku moja kisahani kinafika mwisho wa safari yake bila kugusa. Dalili yake haikosewi: unageuza ufunguo mara tatu, nne, tano, tak, tak, tak, kisha mara ya sita gari linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Fundi umeme mwenye uzoefu hubadilisha shaba hizo peke yake kwa gharama ndogo, na anayekuambia ni lazima ununue stata nzima ya mtumba anastahili kuulizwa amefungua akaona nini.

Ikiwa ni kaboni za stata (vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu yake inayozunguka) ndizo zilizoisha, kuigonga stata kwa upole kwa kipande cha mbao wakati mtu anapiga huweza kuiamsha. Hiyo ni njia ya kukufikisha gereji na kuthibitisha ugonjwa. Tofauti kati ya stata mbovu na swichi mbovu hupatikana kwenye waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi: ufunguo ukiwa mwisho, waya huo uwe na volti zinazokaribia zile za betri. Ukiwa nazo na stata isizunguke, kosa limo ndani ya stata. Usipokuwa nazo, rudi nyuma kwenye fyuzi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), swichi ya gia na swichi ya ufunguo. Rilei hupimwa kirahisi kwa kubadilishana na nyingine ya namba ileile iliyo kwenye boksi hilohilo, mara nyingi ya honi.

Injini inazunguka vizuri lakini haishiki

Anza na taa ya ulinzi wa ufunguo. Magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia miaka ya 2000 yana chipu ndani ya ufunguo, na kompyuta isipoitambua hukata mafuta au moto ingawa stata inaruhusiwa kuzungusha. Taa nyekundu yenye alama ya ufunguo au ya gari ikiendelea kupepesa baada ya swichi kuwashwa, jaribu ufunguo wa akiba, na uutenge ufunguo huo na funguo nyingine zenye chipu zilizo kwenye mkufu mmoja. Mtu aliyechongesha ufunguo wa pili sokoni bila kuuingiza kwenye kompyuta ya gari atafungua mlango, atazungusha injini, wala haitawaka.

Kisha mafuta. Geji ya tangi inaweza kudanganya, hasa gari likiegeshwa mteremkoni, kwa hiyo lita tano za petroli ni kipimo halali kabisa. Watu wengi hufundishwa kuwasha swichi bila kupiga stata na kusikiliza mlio wa pampu nyuma, na wasipousikia huitangaza pampu kuwa imekufa. Kwa magari mengi ya Toyota kipimo hicho hakifai: kompyuta haiwashi pampu mpaka ione injini inazunguka. Inua kalio la kiti cha nyuma, ambako pampu hupatikana katika magari mengi madogo, weka mkono juu ya kifuniko chake, na mwenzako apige stata. Ukihisi mtetemo, pampu inazunguka, ingawa bado inaweza kuwa haina shinikizo. Injini ya 1NZ-FE iliyo katika baadhi ya IST huhitaji takriban bar 3, na geji ya shinikizo ndiyo pekee inayotoa hukumu. Pampu isipotetemeka, angalia fyuzi ya EFI (mfumo wa kunyunyizia mafuta unaoongozwa na kompyuta) na rilei zake kabla ya kuagiza pampu. Kuendesha kwa mafuta ya chini kila siku hufupisha maisha ya pampu, kwani hupozwa na petroli iliyomo tangini.

Mafuta yenyewe nayo huchunguzwa. Tangu 2010 mafuta nchini Tanzania yamekuwa yakiwekwa vinasaba, yaani kemikali ya alama, ili kuyatambua yaliyochakachuliwa, lakini maji yanaweza kuingia hata kwenye tangi lako mwenyewe. Gari likianza kukohoa muda mfupi baada ya kutoka kujaza mafuta kisha likazima, toa kiasi cha mafuta kwenye chupa inayoonyesha, uache yatulie. Maji yatajitenga chini. Kumimina petroli kwenye njia ya hewa ili kulilazimisha gari liwake, jambo ambalo nimeliona likifanywa karibu na watu waliowasha sigara, ni kutafuta moto wa aina nyingine.

Moto wa plagi hupimwa kwa kufungua koili moja (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche), nayo hushikiliwa kwa boliti namba 10, kisha kutoa plagi na kuitazama. Plagi iliyolowa petroli inakuambia kwamba mafuta yanafika na moto ndio unaokosekana, au injini imelewa mafuta. Kulewa huko hutokea gari likiwashwa na kuzimwa baada ya sekunde chache tu, kwa mfano ili kulisogeza uani. Dawa yake ni kukanyaga pedali ya mafuta hadi chini na kuishikilia wakati wa kupiga stata. Magari mengi ya EFI hufunga nozeli (vinyunyizio vya petroli) katika hali hiyo, na hewa hukausha silinda. Piga kwa sekunde zisizozidi kumi, pumzisha stata walau nusu dakika.

Kuangalia cheche, chomoa kwanza soketi za nyaya za nozeli ili petroli isirushwe, chomeka plagi kwenye koili yake, ilaze ganda lake likigusa chuma cha injini, wala usiishike kwa mkono. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba koili nne haziwezi kufa asubuhi moja. Koili moja ikifa, gari huwaka likitetemeka. Cheche ikikosekana kwenye silinda zote, tafuta kitu kimoja kinachozihudumia zote: fyuzi, umeme wa kompyuta, au sensa ya krenkishafti, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka.

Gari linalowaka tu ukikanyaga mafuta, na kuzima ukiachia, kwa kawaida lina uchafu kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) au valvu ya sailensa, yaani ya kushikilia mzunguko wa injini mafuta yasipokanyagwa. Visafishwe.

Sikiliza pia mwendo wa mzunguko. Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule mwendo wa kupanda na kushuka wa silinda zinapogandamiza, huenda taimingi belti (mkanda unaoendesha valvu) imekatika. Acha kupiga stata papo hapo, kwa sababu katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni. Injini za 1NZ hutumia cheni, ila zile za zamani zenye belti hutakiwa kubadilishiwa takriban kila kilomita 100,000, na gari lililonunuliwa mkononi bila historia lihesabiwe kuwa halijabadilishwa. Masega yaliyoziba, yaani kisafisha moshi kilicho kwenye njia ya ekzosi, nayo huzuia injini kupumua: weka kiganja karibu na mdomo wa ekzosi wakati stata inapigwa, nawe unapaswa kuhisi pumzi zinazogonga kwa zamu. Usipohisi kitu, legeza sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega na ujaribu tena.

Lililozima majini

Wakati wa masika hakuna dalili hatari zaidi ya hii. Gari lililozima likivuka maji marefu lisijaribiwe kuwashwa, hata mara moja. Maji hayagandamiziki, na yakiwa ndani ya silinda stata au mwendo wa injini unaweza kupinda koneksheni rodi (mkono unaoshika pistoni), tatizo lililokuwa la saa mbili likawa la kufungua injini nzima. Livute hadi mahali pakavu, fungua boksi la filta ya hewa. Filta ikiwa imelowa, plagi zote zitolewe kwanza, ndipo injini izungushwe maji yatoke. Tazama pia kijiti cha oili: rangi ya chai ya maziwa maana yake ni kwamba maji yamefika chini.

Dizeli

Dizeli haina plagi za cheche, ina plagi za kupasha joto, na zikifa gari hutaabika zaidi Njombe mwezi wa Julai kuliko Tanga mwezi wowote. Moshi mweupe wakati wa kupiga stata unaonyesha kwamba mafuta yanafika ila hayaungui. Pasipotoka moshi wowote, mafuta hayafiki: ama hewa imeingia kwenye mfumo baada ya kuishiwa au kubadilisha filta, ama valvu ya kuzimia iliyo kwenye pampu imepoteza umeme. Katika magari mengi ya zamani, kofia iliyo juu ya filta ni pampu ya mkono. Ipampu mpaka iwe ngumu. Petroli ikiingizwa kwa makosa kwenye tangi la dizeli, swichi isiwashwe kabisa hadi tangi limwagwe.

Linalogoma likiwa la moto tu

Hili ndilo linalomchosha fundi, kwa kuwa likifikishwa gereji limeshapoa na linawaka. Gari linazima barabarani baada ya mwendo, linakataa kwa nusu saa, kisha linakubali bila kusaidiwa. Sensa ya krenkishafti hufanya hivyo: waya wake wa ndani hutanuka kwa joto na kukata mawasiliano. Likigoma, tazama mshale wa mizunguko ya injini wakati stata inapigwa. Katika magari mengi ukibaki sifuri bila kutikisika, kompyuta haioni injini ikizunguka. Mashine ya kupimia ikionyesha kodi (namba ya hitilafu) P0335, ushahidi umeongezeka, lakini kodi hiyo huweza kutokana na soketi iliyolegea au waya uliokwaruzwa, hivyo waya ufuatwe hadi mwisho kabla ya sensa kununuliwa. Pampu ya mafuta iliyochoka nayo hugoma kwa joto, na hutofautishwa kwa kipimo kilekile cha mkono juu ya kifuniko, kikifanywa hapohapo barabarani kabla halijapoa.